Njia Aliyoiona Marc-André

Kusini mwa Argentina, juu ya mji mdogo wa El Chaltén, iko safu ya minara ya mawe ambayo vilele vyake vingi vina majina ya watu waliokufa. Aguja Poincenot inamkumbuka Mfaransa Jacques Poincenot, aliyefia mtoni mwishoni mwa 1951 msafara wake ulipokuwa ukielekea mlima wa Fitz Roy. Mermoz, Guillaumet na Saint-Exupéry walikuwa marubani wa ndege za barua, na wote watatu waliruka wasirudi, kati ya 1936 na 1944. Punta Herron ni ya kijana wa New Zealand, Phil Herron, aliyetumbukia katika ufa wa barafu katikati ya miaka ya 1970. Jirani yake, Torre Egger, ina jina la Toni Egger wa Austria, aliyefariki 1959 kwenye mlima unaofuata, Cerro Torre.

Ukitazama ramani ile utadhani kumkumbuka mwenzako mlimani ni kazi ya kalamu. Kilele kinapewa jina, ramani inachapishwa, imekwisha. Mwanzoni mwa 2020 ubavu wa mashariki wa Torre Egger ulipata kumbukumbu ya namna nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Watu watatu waliipanda kwa mikono yao, kipande kwa kipande: Brette Harrington wa Marekani, Quentin Roberts wa Kanada na Horacio Gratton wa Argentina. Ni njia mpya ya mita kama 500, na wameiita MA's Visión. MA ni Marc-André Leclerc. Mstari ule ni yeye aliyeuona.

Leclerc alizaliwa 1992 katika jimbo la British Columbia, Kanada. Alikuwa mpandaji wa aina adimu, mtu wa kwenda peke yake, bila kamera na bila matangazo. Mwaka 2015 alipanda Cerro Torre peke yake. Septemba 2016, majira ya baridi kule kusini, alipanda Torre Egger peke yake, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake wakati wa baridi. Machi 2018 yeye na Ryan Johnson walifungua njia mpya kwenye Mendenhall Towers, karibu na mji wa Juneau huko Alaska. Walifika juu. Walipotea wakiteremka, na miili yao haikupatikana. Leclerc alikuwa na umri wa miaka 25. Harrington alikuwa mwenzi wake wa maisha, na mara nyingi ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kamba.

Sasa fikiria kilichobaki mikononi mwa Harrington. Kaburi hakuna. Kuna wazo tu, mstari ambao marehemu aliuona ukipanda kwenye graniti. Wazo la namna hiyo si urithi mwepesi. Ukiliacha, litachukuliwa na mwingine au litasahaulika. Ukilishika, unajitwika kazi ya ufundi ambayo haijali kabisa kwamba una msiba. Jiwe halilegei kwa sababu mtu analia, na hapo ndipo heshima yangu kwa kazi ile inapoanzia.

Kufungua njia huanza kwa macho, na macho yenyewe hufundishwa. Mtu asiyejua huona ukuta mmoja wa kijivu. Fundi huutazama ukuta uleule asubuhi jua likiuangalia uso kwa uso, kisha anarudi kuutazama jioni mwanga ukija kwa upande, maana ni kivuli kinachoonyesha ufa ulipo na kona inapopinda. Huutazama baada ya mvua, aone maji yanachuruzika wapi na wapi panakauka kwanza. Baada ya theluji huutazama tena kwa makini zaidi, kwa kuwa theluji hutua kwenye kingo ndogo tu, na ghafla ukuta uliodhaniwa laini unaonyesha mistari myeupe: hapa mtu anaweza kusimama, pale anaweza kulala usiku. Darubini inasaidia. Picha zinasaidia. Lakini zaidi ya yote ni kukaa, kutazama, na kukataa kuamua haraka.

Kwenye Torre Egger kutazama huko kuna sababu nyingine. Magharibi ya minara ile kuna uwanda mkubwa wa barafu, na upepo unaotoka huko hubeba unyevu unaoganda juu ya vilele. Ukungu ulioganda hujikusanya tabaka juu ya tabaka hadi kilele kinavaa kofia ya barafu yenye umbo la uyoga, kubwa kuliko nyumba. Ubavu wa mashariki ndio unaopokea jua la asubuhi. Jua likipasha, kofia ile inaanza kumeguka. Kwa hiyo mtu anayetafuta njia upande ule haulizi tu ufa uko wapi. Anauliza pia barafu itaangukia wapi, saa ngapi, na je, nguzo ya mwamba inajitokeza vya kutosha ili vipande vipite pembeni. Mstari mzuri pale ni ule unaompa mpandaji nyufa za kushika na papo hapo unamweka nje ya njia ya mawe na barafu. Leclerc alikuwa amepita mlima ule peke yake wakati wa baridi, akijua anatazama nini.

Baada ya macho huja masikio. Jambo hili nililiona karibu zaidi huku kwetu, Lukenya, kile kilima cha mawe kilicho nje ya Nairobi ambako wapandaji wa Kenya wamejifunzia kazi kwa miaka mingi. Mzee mmoja aliyekuwa akikagua sehemu mpya ya ukuta alining'inia kwenye kamba kutoka juu, nyundo mkononi, akigonga jiwe taratibu kama mama anayechagua chungu sokoni. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, ya juu, inayokatika mara moja. Jiwe lililoachana na mlima hutoa sauti nzito yenye mvumo ndani yake. Aligonga, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Mahali fulani aliweka kiganja upande wa kushoto wa bamba la jiwe na kuligonga upande wa kulia. Nilimuuliza sababu. "Mkono unasikia kabla ya sikio, kijana wangu," akasema. Bamba lilitetemeka kidogo chini ya kiganja chake. Kwa macho lilikuwa imara kabisa, tena lilikuwa na mshiko mzuri kuliko yote yaliyolizunguka. Aliliwekea alama ya chaki, tukaondoa watu chini, kisha akalibandua kwa mtaimbo.

Ningependa kila anayesema kupanda miamba ni mchezo wa watu wasiojali uhai wao angekuwapo pale. Kazi ile nzima ilifanywa kwa ajili ya mtu ambaye mzee hakumjua, mgeni atakayekuja siku moja na kuushika mshiko ule akiamini kwamba aliyetangulia ameupima.

Halafu kuna chuma. Ukuta ukiwa na nyufa, mpandaji huingiza kabari zake za chuma na kufunga kamba, na anayemfuata nyuma huziondoa. Njia inabaki kama ilivyokuwa. Ukuta usio na ufa hauna namna hiyo, na hapo watu hutoboa jiwe na kuacha bolti. Kutoboa graniti kwa mkono ni kazi inayofundisha subira kuliko hotuba yoyote: unaipiga patasi, unaizungusha kidogo, unapiga, unazungusha, na tundu moja lenye kina cha kidole linaweza kukula nusu saa au zaidi huku umesimama juu ya ukingo mwembamba wa jiwe. Mashine ya betri hufanya hivyo kwa muda mfupi sana. Lakini mashine haifanyi kazi inayofuata, ambayo ndiyo inayomtofautisha fundi na mtoboaji. Tundu lazima lisafishwe. Unapuliza vumbi kwa mpira, unapitisha brashi, unapuliza tena, unapitisha brashi tena, mpaka hakuna kinachotoka. Bolti ya gundi ikiwekwa kwenye tundu lenye vumbi, gundi hushika vumbi badala ya jiwe. Kwa nje itaonekana sawasawa na nyingine zote, na hakuna mpita njia atakayejua.

Chuma chenyewe pia kina elimu yake. Kwenye majabali ya chokaa yanayopakana na bahari kusini mwa Thailand, bolti za chuma cha pua ambazo zingedumu miaka mingi bara zilipasuka ndani kwa ndani kwa sababu ya chumvi na joto, nyingine zikikatika bila dalili ya kutu. Wapandaji wa huko walilazimika kuanza upya kwa titani, ambayo ni ghali mno, moja baada ya nyingine. Anayefungua njia ufukweni bila kujua hilo anaacha mtego.

Swali kubwa zaidi, hata hivyo, ni chuma kiasi gani, na hakuna mahali pa kulijadili panapofaa kuliko Cerro Torre, hatua chache tu kutoka mlima wa Leclerc. Mwaka 1959 Muitaliano Cesare Maestri alirudi kutoka huko akisema yeye na Toni Egger walifika kileleni, na kwamba wakati wa kuteremka poromoko la barafu lilimchukua Egger pamoja na kamera iliyokuwa na picha za ushahidi. Watu walianza kutia shaka. Mwaka 1970 Maestri alirudi kwa hasira, safari hii akiwa na kompresa ya petroli, akatoboa ukuta na kuujaza mamia ya bolti, nyingine zikiwa zimepigwa kando ya nyufa ambazo zingepokea kabari bila shida. Aliiacha kompresa yenyewe ikining'inia juu ya ukuta. Mwaka 1976 Wamarekani watatu, Jim Donini, John Bragg na Jay Wilson, walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Torre Egger. Sehemu ya chini ya njia yao ilipita kule ambako Maestri alidai kupita 1959. Walikuta vifaa vya zamani hadi mahali fulani, kisha hawakukuta chochote, na maumbile ya mlima kutoka hapo hayakufanana na maelezo yake. Wapandaji wengi leo hawaamini kwamba kilele kilifikiwa mwaka ule.

Naiona habari hiyo kuwa ya kusikitisha kuliko ya kashfa. Mtu aliyepata hasara kubwa zaidi ni Egger, aliyekuwa mmoja wa wapandaji bora wa barafu wa wakati wake, na ambaye jina lake limebaki limefungwa kwenye dai ambalo mlima haukulithibitisha. Kumbukumbu yake ilijengwa kwa maneno. Januari 2012 vijana wawili, Hayden Kennedy na Jason Kruk, walipanda ule upande wa Cerro Torre ambao Maestri aliujaza bolti, wakitumia nyufa, na wakati wa kuteremka wakang'oa zaidi ya bolti mia moja za Maestri. Uamuzi wao ulileta ugomvi mkubwa, hata kule El Chaltén. Mimi nipo upande wao, ingawa nawaelewa waliokasirika, kwani walifuta historia ya watu wengine bila kuwauliza. Kilichoniridhisha ni kwamba walitangulia kupanda, na kwa kupanda walionyesha kuwa chuma kile hakikuhitajika.

Ukijua historia hiyo ndipo unapoona uzito wa kilichofanywa mwaka 2020 kwenye nguzo ya jirani. Harrington na wenzake walikuwa na kila sababu ya kutumia njia ya mkato. Waliutaka mstari ule kwa ajili ya mtu wao. Hata hivyo MA's Visión ni njia ya kupanda kwa vidole na miguu kwenye jiwe, na ni ngumu. Juu zaidi inaungana na Titanic, njia ambayo Waitaliano Maurizio Giarolli na Elio Orlandi waliifungua 1987. Jambo hilo linanifurahisha sana. Mtu mwenye kiburi angelazimisha mstari wake upande mwenyewe mpaka mwisho, sambamba na ule wa zamani, hata kwa kutoboa, ili aseme ni wake kuanzia chini hadi juu. Mafundi hawa waliifuata nguzo mahali ilipotaka kwenda. Ilipofika kwenye kazi ya wazee, wakaipokea kazi ya wazee.

Hapo upo utiifu wa pande mbili. Upande mmoja kuna maono ya marehemu, ambayo yeye mwenyewe hayupo kuyasahihisha. Ukuta ulioonekana kutoka mbali hauwi uleule ukiwa puani pako. Ufa uliodhaniwa unaendelea unajifunga. Kona iliyoonekana kavu ina barafu ndani. Upande wa pili kuna jiwe, ambalo lipo na linasema. Anayemheshimu mwenzake kwa kweli hulifuata jiwe, kwa sababu hivyo ndivyo mwenzake angefanya. Wengi wetu tukishika wosia tunashika maneno. Fundi anashika namna marehemu alivyokuwa akiamua.

Nasi tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Halford Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, kilele hicho cha mita 5,199 alikiita Batian, kwa jina la Mbatian, laibon mkuu, yaani kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, aliyekuwa amefariki miaka michache kabla. Ndiyo ileile kazi ya kalamu. Lakini mlima huohuo una kumbukumbu ya aina ya pili. Mwaka 1944 Arthur Firmin, mpandaji wa Nairobi, na mwenzake Hicks walifungua njia ya uso wa kaskazini wa Batian, ambayo hadi leo ndiyo inayopandwa zaidi upande ule. Firmin alifariki 1955 katika safari ya Himalaya. Kwenye njia yake, mahali pagumu kuliko pote, upo mnara wa jiwe uitwao Firmin's Tower. Anayefika hapo hasomi kibao chochote. Anashika mishiko aliyoshika Firmin, anasita aliposita, na anajua kwa mwili wake ni mtu wa namna gani aliyepita hapo kwanza, na viatu vya 1944.

Kwenye kuta za Hell's Gate, karibu na Naivasha, kazi ina sharti moja zaidi. Nyufa za lava pale zimesimama wima mita kwa mita na zinamwita kila mwenye kamba, lakini tai pia wanazipenda kuta hizo, na wakati wa kutaga na kulea sehemu nyingine haziguswi. Anayetaka kumfungulia rafiki yake njia pale anaweza kulazimika kungoja ndege amalize kulea. Sioni udhia wowote katika kungoja huko. Ni sehemu ya kutazama.

Kazi ikikamilika hubaki uandishi, na wengi huuharakisha. Njia isiyoandikwa vizuri ni hatari. Ripoti ya kweli inaeleza mstari unaanzia wapi, una urefu gani, kila sehemu ina ugumu gani, kamba ngapi zinahitajika kuteremka, chuma gani kimeachwa na mahali gani. Inasema pia walipanda wangapi, walisaidiwa na nani, waliishia wapi. Kupanga daraja la ugumu kunahitaji unyoofu wa pekee, maana huzuni humfanya mtu aone kila kitu kizito. Ukiipandisha njia daraja kwa mapenzi, umemwongezea marehemu sifa isiyo yake. Ukiishusha ili uonekane hodari, utamtuma mgeni mahali asipopaweza. Jina huja mwisho, na fundi mwema hulibakiza fupi.

Kwa hiyo kama umempoteza mwenzako wa kamba, na unatafuta la kumfanyia, nakuomba usianze na kibao cha shaba. Tafuta mstari aliokuwa akiutazama. Muulize mwenye ardhi, waulize askari wa hifadhi, ujue ndege wanataga lini. Gonga jiwe lote, hata unapodhani unalijua. Safisha kila tundu mara mbili. Acha chuma kidogo iwezekanavyo, na ukiacha, kiwe bora kuliko unachoweza kumudu. Kisha andika kila kitu kwa usahihi na ukabidhi nakala kwa klabu yenu, kwa sababu baada ya miaka ishirini mtu atakuja kubadilisha zile bolti, naye atahitaji kujua ziko wapi.